Mikataba ya biashara huria na mazingira: yenye meno na yenye maneno

Tuseme umeitwa kwenye kikao cha wadau. Wizara ya biashara imeleta rasimu ya mkataba yenye kurasa mia kadhaa, nawe umetoka chama cha ushirika, asasi ya mazingira au umoja wa wafanyabiashara, na unatakiwa useme kama sura ya mazingira inatosha. Wengi wetu hukimbilia kuhesabu. Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi umetajwa? Umetajwa. Misitu imo? Imo. Uvuvi, bayoanuwai, biashara haramu ya wanyamapori? Vyote vimo. Basi rasimu ni nzuri, twende tukanywe chai.

Hesabu ya namna hiyo haikufikishi mbali. Kuna mikataba yenye sura ndefu za mazingira ambayo sijaona ikisimamisha hata gogo moja, na kuna kiambatisho kimoja cha misitu kilichoifanya serikali nzima igeuze uamuzi wake ndani ya miezi minne. Ukitaka kuchagua, uliza mambo matatu: nani anaruhusiwa kulalamika, shehena inafanywa nini sharti likivunjwa, na gharama za kutimiza sharti zinabebwa na nani. Kwa maswali hayo, mifano minne ifuatayo inaachana mbali kabisa.

Ulaya na Kenya

Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Kenya, ule tunaouita EPA, ulisainiwa Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Maua, chai, kahawa na parachichi za Kenya zinaingia Ulaya bila ushuru wala kikomo cha kiasi, na Kenya inafungua soko lake hatua kwa hatua kwa miaka 25. EPA ya zamani, ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima ambayo Kenya na Rwanda waliisaini Septemba 2016 na Tanzania ikaikataa, haikuwa na sura kamili ya biashara na maendeleo endelevu. Hii ya Kenya inayo. Kila upande umejifunga kutekeleza Mkataba wa Paris, na hakuna anayeruhusiwa kulegeza sheria zake za mazingira ili avutie biashara au wawekezaji.

Sharti likivunjwa, njia inayofuatwa ni mashauriano, kisha jopo. Msisitizo uko kwenye kuzungumza, si kwenye ushuru wa kuadhibu kama ule ambao Ulaya iliukubali katika mkataba wake na New Zealand ulioanza Mei 2024, ambapo nchi inayokiuka shabaha ya Mkataba wa Paris inaweza hatimaye kuwekewa vikwazo vya kibiashara. Usidharau mazungumzo, lakini. Korea Kusini iliburuzwa kwenye jopo la namna hiyo kwa habari ya haki za wafanyakazi, jopo likatoa ripoti Januari 2021, na miezi mitatu baadaye Korea ikaridhia mikataba mitatu ya Shirika la Kazi Duniani iliyokuwa imekwama miaka mingi. Hakuna faini iliyotozwa.

Shida yangu na mfano huu iko kwenye swali la kwanza: anayeweza kufungua shauri ni serikali. Mkazi hawezi. Linganisha na Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kiwanda cha EPZ kilichozalisha kwa ajili ya soko la nje. Risasi, ile metali ya sumu iliyomo kwenye betri, iliingia kwenye hewa, maji na damu za watoto. Walioshtaki walikuwa wakazi wenyewe wakiongozwa na Phyllis Omido, ambaye aliwahi kuajiriwa kiwandani humo na mwanawe mchanga akaugua. Walisimama juu ya Katiba ya 2010, ibara ya 42 na ya 70, zinazompa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira safi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaibatilisha, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Kwa hiyo ahadi ya EPA ya kutolegeza sheria ina uzito kwa kadiri sheria yenyewe ilivyo na uzito nyumbani. Kwa Kenya hilo si dogo. Kwa nchi ambayo mwananchi hana njia ya kwenda mahakamani, sura hiyo hiyo, neno kwa neno, ingekuwa nyepesi kama maganda ya karanga.

Marekani na Peru

Hapa ndipo penye mafunzo mengi, kwa uzuri na kwa ubaya, na kama una muda wa kusoma mkataba mmoja tu wa kigeni, soma huu. Ulianza kutumika tarehe 1 Februari 2009. Ndani ya sura ya mazingira kuna kiambatisho kinachohusu usimamizi wa misitu peke yake, na hakisemi maneno ya jumla kama "pande zitajitahidi". Kinaitaka Peru iwe na chombo huru cha kukagua vibali vya uvunaji, iongeze adhabu za uhalifu wa misitu, na kinaipa Marekani haki ya kuomba shehena mahususi ikaguliwe mpaka kwenye kisiki.

Ni muhimu ujue kwa nini kisiki. Katika Amazonia ya Peru, magogo ya haramu hayapiti porini usiku kwa kujificha. Yanapita mchana yakiwa na karatasi safi. Mwenye kibali anaorodhesha miti ambayo haipo, anapata kiasi cha mita za ujazo kwenye kibali, kisha anaiuza karatasi kwa mtu aliyekata miti kwingine, kwenye hifadhi au kwenye ardhi ya wenyeji. Wakaguzi wa chombo kile, OSINFOR, wanachukua orodha, wanaingia msituni na GPS mkononi, wanatembea hadi pale mti unapodaiwa kukatwa. Wakikuta hakuna kisiki, au mti umesimama vilevile, wanajua mbao zilizosafiri kwa jina lake zilitoka kwingine.

Mwaka 2016 Marekani iliomba kwa mara ya kwanza shehena moja ifuatiliwe hivyo. Sehemu kubwa ya mbao ilionekana imetoka kwenye miti isiyokuwepo, na Oktoba 2017 msafirishaji aliyehusika akafungiwa mlango wa soko la Marekani. Halafu Desemba 2018 serikali ya Peru iliamua kuihamisha OSINFOR na kuiweka chini ya Wizara ya Mazingira, yaani kumweka mkaguzi chini ya waziri. Januari 2019 Marekani ikaitisha mashauriano rasmi kwa kutumia kiambatisho kile. Aprili Peru ikaufuta uamuzi wake.

Hayo ndiyo meno. Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa mfano huu huwa hawausemi kwa sauti. Ili kutekeleza mkataba, Rais Alan García alipitisha amri nyingi za kisheria mwaka 2008, baadhi zikigusa misitu na ardhi za jamii za wenyeji bila kuwauliza. Wenyeji wa Amazonia wakafunga barabara. Tarehe 5 Juni 2009, karibu na mji wa Bagua, polisi walikwenda kuwatawanya na watu 33 wakafa, polisi 23 na raia 10. Amri mbili zilizochochea zaidi zikafutwa wiki mbili baadaye. Mkataba wenye masharti makali kabisa ya misitu, na mwaka wake wa kwanza ukaingia damu kwa sababu waliouandika hawakukaa na wanaoishi msituni.

Na meno hayo yako kinywani mwa nani? Marekani iliweza kuzuia mbao za Peru kwa kuwa ndiyo yenye soko. Marekani yenyewe ilipojiondoa kwenye Mkataba wa Paris, Peru haikuwa na la kuizuilia. Mkataba mpya wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza Julai 2020 una sura nzima ya mazingira iliyofungamanishwa na vikwazo, lakini humo mabadiliko ya tabianchi hayatajwi hata mara moja. Marekani iliutumia Februari 2022 kuitisha mashauriano na Mexico juu ya vaquita, pomboo mdogo wa Ghuba ya California anayenaswa kwenye nyavu za kuvulia samaki aitwaye totoaba. Aliyeibana Mexico zaidi, hata hivyo, ni CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini: Machi 2023 ilisimamisha biashara yote ya spishi zinazodhibitiwa kutoka nchi hiyo, na wiki chache tu baadaye mpango wa ulinzi uliokubalika ukawa mezani. Mkataba wa mazingira ukang'ata kabla ya ule wa biashara.

Pamoja na dosari zote hizo, ninachochukua Peru ni ule ufinyu wa sharti: bidhaa moja, mnyororo mmoja, mkaguzi mmoja, haki ya kufuatilia shehena moja. Watafiti wa Benki ya Dunia walipolinganisha mikataba mingi ya kikanda waliona jambo linaloelekea huko. Biashara huria huongeza ukataji wa misitu, ila pale ambapo mkataba una vipengele vinavyolenga misitu na bayoanuwai moja kwa moja, ongezeko hilo hudhibitiwa.

Eneo Huru la Afrika, na mbao zetu wenyewe

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, AfCFTA, ulisainiwa Kigali Machi 2018 na biashara chini yake ikafunguliwa rasmi Januari 2021. Katika itifaki ya bidhaa hakuna sura ya mazingira. Kuna ibara ya 26, ya masharti ya msamaha, iliyonakili kanuni ya zamani ya biashara ya dunia: nchi inaweza kuzuia bidhaa ikiwa ni lazima kulinda uhai na afya ya binadamu, wanyama au mimea, au kuhifadhi maliasili zinazoweza kwisha. Msamaha ni mwavuli: unakukinga wewe uliyeushika, lakini haukaushi barabara. Tanzania na Kenya zinaweza kuendelea kuzuia mifuko ya plastiki bila kushtakiwa. Hakuna kinachomlazimisha jirani naye aizuie.

Na tunajua jambo hilo linavyokwenda. Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma, zuio lililodumu hadi Julai 2023. Mahitaji ya mbao Nairobi hayakusimama. Malori ya mbao za paina kutoka Mufindi na Njombe yakapata soko, na mbao ngumu zikaendelea kushuka kutoka Kongo kupitia Uganda. Paina ya kupandwa haina neno. Mbao za asili ndizo zenye maswali, na Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa 1999, una sura kamili ya mazingira na maliasili ambayo mpakani haimwongozi afisa yeyote kuuliza gogo limetoka wapi. Kuna pia Azimio la Zanzibar la 2015 dhidi ya biashara haramu ya mazao ya misitu, lililosainiwa na Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji na Madagaska. Maneno yake ni mazuri. Ushuru, soko na shehena havimo.

New Zealand, Uswisi, Iceland na Costa Rica

Nchi hizi nne zilisaini Novemba 2024 mkataba ambao tabianchi ndiyo kazi yake yenyewe, si sura iliyobandikwa mwishoni. Unaitwa ACCTS. Unafuta ushuru kwa zaidi ya bidhaa 300 za mazingira, unaweka kanuni za kubana ruzuku za mafuta, gesi na makaa ya mawe, na unatoa mwongozo wa lebo za kijani. Mlango uko wazi kwa nchi nyingine kuingia.

Kwa nchi ya Afrika, sehemu ya ushuru ni rahisi kuipenda: paneli ya sola isiyotozwa ushuru ni paneli ya bei nafuu Kahama. Sehemu ya ruzuku ni ngumu zaidi, maana nchi nyingi za kwetu zimewahi kushusha bei ya mafuta kwa fedha za bajeti pale wananchi walipobanwa. Nne hizo ni tajiri au zina umeme wa maji na mvuke wa ardhini kwa wingi. Ukiwa na gesi asilia ya Mtwara unayotegemea kwa umeme, soma mara mbili kabla ya kusaini.

Usidhani kutosaini kunakuepusha

Tanzania haina EPA na Ulaya. Bidhaa zake zinaingia huko bila ushuru kwa sababu iko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni. Mtu angeweza kusema basi hatuna sura ya mazingira inayotubana. Muulize katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wa wilaya ya Moshi au Mbinga.

Mwaka 2023 Ulaya ilitunga sheria yake yenyewe dhidi ya bidhaa zitokanazo na ukataji wa misitu. Kahawa, kakao, mbao, mpira, soya, mawese na ng'ombe: mwagizaji lazima aonyeshe kuwa shamba halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na atoe viwianishi vya kila shamba. Shamba likizidi hekta 4, lazima mipaka yote ichorwe. Utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi walianza kudai ramani mapema. Sasa fikiria kihamba cha Kilimanjaro: robo ekari au zaidi kidogo, mibuni chini ya migomba, juu yake miti ya kivuli iliyopandwa na babu. Kutoka angani panaonekana msitu. Mkulima mmoja ana vipande vitatu mahali patatu, jina kwenye daftari la chama ni la marehemu baba yake, na kijana wa kupita na simu kuchukua alama anataka posho. Posho hiyo hailipwi Brussels.

Kwa swali langu la tatu, la nani analipa, sheria ya upande mmoja ndiyo mbaya kuliko mikataba yote niliyoitaja. Meno inayo makali, mzigo unazuiwa bandarini, ila hakuna meza ya kudai fedha za kuchora ramani. Hapo naona faida ya kuwa na mkataba hata ukiwa dhaifu: angalau una kamati ambayo waziri wako anaweza kuweka ankara mezani.

Kinachoweza kukuumiza kiko sura nyingine

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, kwa adhabu ya hadi miaka minne jela au faini ya hadi shilingi milioni 4. Julai 2020 ikaanza mazungumzo ya biashara huria na Marekani. Miezi michache kabla, chama cha viwanda vya kemikali vya Marekani kilikuwa kimewaandikia wajumbe wa nchi yake kikitaka Kenya iwe kituo cha kusambaza plastiki na kemikali za Marekani Afrika nzima, na mkataba usiruhusu vizuizi vipya vya aina hiyo. Mazungumzo yale hayakuzaa mkataba. Angalia lakini ombi lilikolenga: si sura ya mazingira, bali vifungu vya bidhaa na vya kanuni za ndani.

Sura ya uwekezaji nayo ina historia. Colombia ilizuia uchimbaji wa dhahabu kwenye nyika za juu za Santurbán, chanzo cha maji ya mamilioni ya watu. Kampuni ya Kanada ikaishtaki chini ya mkataba wa biashara huria wa nchi hizo mbili, ambao una kipengele cha msamaha wa mazingira kilichoandikwa wazi. Mwaka 2021 jopo likasema Colombia imevunja mkataba, msamaha au hakuna. Mwaka 2024 fidia ikapangwa kuwa sifuri, lakini miaka ya mawakili ilikuwa imeshalipiwa.

Basi uchague upi

Ukiwa msafirishaji wa maua au parachichi wa Kenya, EPA unayo tayari. Kazi yako ni kuitumia kamati yake kudai gharama za sheria mpya za Ulaya, si kulilia mkataba wenye vikwazo vitakavyoanzia kwako.

Ukiwa mtetezi wa misitu Tanzania, Msumbiji au mashariki ya Kongo, usiombe sura ya kurasa 40. Omba kiambatisho kimoja cha mbao na mkaa, chenye majina ya miti. Mkurungu na mninga waandikwe. Mamlaka ya nchi inayonunua ipewe haki ya kuomba kisiki, na vijiji vyenye misitu vipewe haki ya kulalamika bila kusubiri wizara. Kijiji chenye msitu wa hifadhi Kilwa kina sababu ya kulalamika kuliko ofisi yoyote Dodoma. Mahali pa kukiweka ni AfCFTA au Jumuiya, ambako hakuna mnunuzi mmoja mwenye soko lote mkononi.

Mfanyabiashara wa sola, pikipiki za umeme au majiko banifu asome orodha ya ushuru ya ACCTS na kuipeleka kwa wajumbe wa nchi yake kama mfano, hata kama uanachama wenyewe utangoja.

Mbunge, au yeyote atakayeletewa rasimu usiku kupigiwa kura asubuhi, aanze na ratiba ya ushuru, kisha sura ya uwekezaji, kisha ibara ya msamaha. Akute kama marufuku ya plastiki ya nchi yake ingesalimika, na kama mwekezaji anaweza kwenda kwenye jopo la nje bila kupita mahakama za nyumbani. Sura ya mazingira asome mwisho, muda ukibaki.